KUJISHONEA NGUO ZA NDANI NYUMBANI

Katika somo hili twataka kulizungumza jambo ambalo wengi huliona dogo, na wengine huliona halifai kutajwa mbele za watu, nalo ni nguo za ndani. Kuona haya ni tabia njema, wala hatutaki kumwondolea mtu haya zake. Lakini haya zikiwafanya wazazi wasiulize na watoto wasiseme, huleta madhara. Kwa hiyo twamwomba radhi atakayeona uzito, kisha tutasema linalopasa kusemwa.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi fedha za nguo zinavyogawanywa katika nyumba zetu hapa Bomeni. Ikija Idi, hununuliwa kanzu na buibui. Ikija harusi, hununuliwa leso za sare, hata na yule ambaye atakopa ili asionekane amepungukiwa. Shule zikifunguliwa, hununuliwa shati na viatu, maana mwalimu ataviona. Nguo ya ndani hungoja. Haionekani, basi hakuna jirani atakayeisema wala mwalimu atakayemrudisha mtoto nyumbani kwa ajili yake. Huwa ya mwisho kununuliwa na ya mwisho kutupwa, na mtoto huivaa mpaka mpira wake umekatika na amefunga fundo kiunoni.

Sisi twaona kuwa nguo hii isiyoonekana ndiyo yenye kuonyesha vizuri zaidi jinsi nyumba inavyowaangalia watu wake. Anayepamba kinachoonekana akaacha kisichoonekana amewavalia wengine. Na twasema tena kuwa umaskini peke yake hautoshi kuwa udhuru katika jambo hili, kwa kuwa nguo hii yaweza kushonwa nyumbani kwa kitambaa ambacho tayari kimo kabatini.

MADHARA YA KUISAHAU

Mzigo mkubwa huwaangukia watoto wa kike. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ilirekebishwa, Serikali ikawajibishwa kuwapa bure taulo za hedhi wasichana waliobaleghe walio katika shule za umma. Hiyo ni sheria ya kheri. Lakini taulo ile ya kutupwa ina gundi upande wa chini, nayo hubandikwa juu ya chupi. Msichana asiye na chupi, au mwenye moja tu iliyolegea, ataibandika wapi? Atapewa taulo mkononi na bado siku zake zikifika atabaki nyumbani, na baba yake atadhani kuwa ameanza uvivu. Masomo yanampita kwa ajili ya kitu ambacho ukubwa wake ni kiganja cha kitambaa na mkono wa lastiki.

Wako wanaokimbilia mitumba. Siku za soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, nguo hutandazwa chini, na nguo za ndani zilizovaliwa na watu wengine humo humo. Hatusemi kuwa mtumba wote ni mbaya. Koti au suruali ya mtumba ikifuliwa ni nguo kama nguo nyingine. Lakini vazi linalogusa mahali pa siri lina hukumu yake mbele ya wataalamu wa afya, na nchi kadhaa zimeliona hilo. Jirani zetu wa Tanzania wamekataza kuingizwa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na Zimbabwe ilizikataza mwaka 2011. Tena anayetegemea mtumba peke yake hajui kesho yake. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya ilizuia mitumba yote kuingia, ikairuhusu tena mwezi wa Agosti. Kwa miezi hiyo mitano kila nyumba ilirudi kwenye alichokuwa nacho mtu na alichojua kukifanya.

Ama chupi mpya za bei nafuu, nyingi zimefumwa kwa nailoni. Nailoni hainywi jasho, na joto la huku kwetu chini ya Kilimanjaro latosha kumwonyesha kila mtu maana yake: unyevu hukaa, ngozi huwasha, na fangasi hupata makao. Pamba hunywa jasho na huvumilia maji ya moto.

SI JAMBO GENI KWETU

Msomaji asidhani kuwa twaleta mtindo wa kigeni. Pwani yetu ilijua sindano kabla ya kulijua duka la nguo zilizo tayari. Merikani, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuenea Unguja katika karne ya 19, ilikuja ikiwa jora. Kanzu, shimizi na suruali zilikatwa na kushonwa hapa hapa. Kofia za viua mpaka leo hutobolewa na kushonwa kwa mkono majumbani, tundu baada ya tundu.

Na leso yenyewe ni mtoto wa ushonaji wa nyumbani. Jina lake latokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Habari iliyoenea ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeungana katika jora, wakakata vipande viwili vya vitambaa vitatu vitatu, wakaviunga kwa uzi ikawa nguo moja ya vitambaa sita. Wafanyabiashara walipoona hayo ndipo walipoagiza nguo pana iliyokwisha kupigwa chapa. Bibi zetu walitangulia, na viwanda vikawafuata.

Hata Taveta ina sehemu yake katika habari hii. Misafara ya pwani iliyokuwa ikienda bara ilikuwa ikipumzika hapa na kujitayarisha. Msafara wa Joseph Thomson mwaka 1883 ulikaa hapa watu wake wakitunga shanga katika nyuzi na kushona nguo za biashara, kabla ya kuingia nchi ya Wamasai. Wanaume wale, wapagazi waliobeba mizigo mizito, hawakuona aibu kukaa chini na kushika sindano.

HESABU YAKE

Watu husema kuwa kujishonea ni rahisi kuliko kununua. Neno hilo ni kweli kwa masharti, na asiyeyajua masharti atapata hasara. Akinunua kitambaa kipya dukani, akanunua na cherehani mpya kwa ajili ya chupi kumi, atakuwa ametoa fedha nyingi kuliko za duka. Faida imo katika mambo mawili: kitambaa kitoke katika nguo kuukuu, na cherehani iwe ya watu wengi au isiwepo kabisa.

Tupige mfano. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu, na kila mtu aziondoe aweke za soko lake. Tuseme nyumba ina watu sita, na kila mmoja ahitaji chupi tano kwa mwaka. Hizo ni 30. Ikiwa moja ni shilingi 100, jumla ni shilingi 3,000. Sasa tushone. Kitambaa ni cha fulana kuukuu, hakina bei. Lastiki ya chupi moja, kwa kiuno na miguu miwili, ni kiasi cha mita moja na nusu, basi kwa chupi 30 ni mita 45. Ikiwa mita ni shilingi 15, hizo ni shilingi 675. Tuweke shilingi 200 za uzi na 100 za sindano. Jumla ni shilingi 975, na kilichobaki mfukoni ni shilingi 2,025.

Je, cherehani? Ikiwa iliyokwisha kutumika yauzwa shilingi 12,000, nyumba moja itangoja karibu miaka sita kabla ya kuirudisha fedha yake. Lakini nyumba sita zikichanga, kila moja itatoa shilingi 2,000, na mwaka hautakwisha kabla ya kuzirudisha. Jambo hili la uzito wa bei si jipya: tangu karne ya 19 kampuni ya Singer ilijulikana duniani kwa kuuza cherehani kwa malipo ya polepole, kwa sababu ilijua kuwa nyumba moja haiwezi kuilipa mara moja. Sisi hatuna haja ya deni, na haja ya riba ndiyo hatuna kabisa. Tuna majirani. Cherehani na ikae juma moja katika kila nyumba, pawe na daftari la zamu, na kila anayeitumia aitie mafuta na kuifunika kabla ya kuitoa.

Na asiye na majirani wa kuchanga naye, sindano ya mkono yamtosha. Kazi itakuwa ya polepole, lakini mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ambao sindano hurudi nusu ya hatua kabla ya kwenda mbele, ni mshono wenye nguvu na huvutika pamoja na kitambaa.

NAMNA YA KUSHONA

Kwanza, chagua kitambaa. Fulana ya pamba iliyochakaa shingoni na kwapani huwa mara nyingi bado nzima kifuani na mgongoni. Iinue mbele ya dirisha. Ukiona nuru inapita katika matundu madogo madogo, iache iwe tambara la kufutia. Fulana moja ya mtu mzima yaweza kutoa chupi mbili au tatu za mtoto.

Pili, ifue kwa maji ya moto, ianike, uipige pasi. Ikiwa ni kitambaa kipya jambo hili ni la lazima, kwani pamba hupungua ikifuliwa, na chupi iliyokatwa kabla ya kupungua itambana mwenyewe.

Tatu, tengeneza kigezo cha karatasi. Chukua chupi kuukuu iliyokuwa ikimkaa vizuri mwenyewe, fumua mishono yake, ondoa lastiki, uinyooshe kwa pasi. Ilaze juu ya gazeti, chora pembeni mwake, kisha ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono na pindo. Utapata vipande vitatu: cha mbele, cha nyuma, na kile kidogo cha katikati kinachopita kati ya mapaja. Hicho cha katikati kikate mara mbili, kiwe tabaka mbili za pamba, maana ndicho kinachofanya kazi kubwa. Andika jina la mwenyewe juu ya kigezo na ukihifadhi.

Nne, kabla ya kukata, kivute kitambaa kwa mikono uone kinavutika zaidi upande gani. Upande huo ndio uzunguke kiuno. Ukikata kinyume, chupi haitapita mapajani.

Tano, shona kwa utaratibu huu: unga kipande cha katikati na cha mbele na cha nyuma, kisha unga mbavu mbili, kisha lastiki. Cherehani yenye mshono wa kwenda upogo ndiyo bora kwa nguo ya kuvutika. Mwenye cherehani nyeusi ya zamani yenye mshono ulionyooka tu asikate tamaa. Alegeze uzi kidogo, na akivute kitambaa taratibu mbele na nyuma kinapopita chini ya sindano, ili mshono usikatike nguo inapovaliwa. Sindano iwe ya ncha ya mviringo ikipatikana, kwa sababu iliyo kali hukata nyuzi za fulana na kuacha matundu.

Sita, lastiki. Pima kiuno cha chupi, kisha kata lastiki iliyo pungufu kwa sehemu moja katika kumi: ikiwa kiuno ni sentimita 60, lastiki iwe 54. Unga ncha zake iwe pete. Igawe pete sehemu nne kwa chaki, na kiuno cha chupi sehemu nne vilevile, uzilinganishe na kuzibana kwa pini. Unaposhona, vuta lastiki mpaka ilingane na kitambaa, wala usivute kitambaa. Miguu ni vivyo hivyo, ila isibane sana, kwani lastiki ya mguu ikiacha alama nyekundu usiku, imekazwa kupita kiasi.

Saba, ijaribu kwa kuivuta kila mshono. Ukisikia uzi umekatika, fumua urudie hapo hapo, kabla nguo haijamwaibisha mwenyewe barabarani.

Ama kaptura za ndani za wavulana na wanaume, hizo zaweza kushonwa hata kwa kitambaa kisichovutika, kama leso kuukuu, madhali zikatwe pana na kiuno chake kiwe pindo lililo wazi ndani, lastiki ipitishwe humo kwa pini. Hizo ndizo rahisi kuliko zote, na mwenye kujifunza aanze nazo.

KUFUA NA KUANIKA

Haifai kushona vizuri kisha kuharibu katika kufua. Wengi, kwa kuona haya, huanika nguo za ndani chini ya kitanda, au chini ya nguo nyingine juu ya kamba, zikakauka nusu na kuvaliwa na ubichi wake. Ubichi huo huleta fangasi. Tena huku Afrika ya Mashariki yuko nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, na funza wake huingia katika ngozi ya mwenye kuzivaa na kutoa jipu. Dawa yake ni kukausha sawasawa na kupiga pasi yenye moto pande zote mbili, hasa penye mishono.

Na haya zetu tutazihifadhije? Funga kamba mbili. Ile ya mbele ianike leso, na ile ya nyuma, ambako jua na upepo vinafika, ianike nguo za ndani. Setara imepatikana na nguo imekauka. Wala tusisahau kuwa usafi wa nguo ni sharti la swala, na nguo ya ndani haikutolewa katika sharti hilo.

WATAKAOPINGA

Huenda akatokea wa kusema: hii ni kazi ya wanawake, ya nini kuwaambia vijana wa kiume? Jawabu yetu ni kuwa katika miji yetu yote waliokaa barazani na cherehani zao, wakishona kanzu na mabuibui, walikuwa wanaume. Na imepokewa kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe nyumbani. Ni nani basi kijana wa leo aione sindano kuwa chini ya hadhi yake?

Mwingine atasema: mtawakatia mafundi riziki yao. La. Fundi hapelekewi chupi. Mwanamke gani atakwenda kupimwa chupi na fundi wa kiume barazani? Vazi hili ndilo hasa linalofaa kushonwa nyumbani, kwa sababu ya setara yake. Kazi ya fundi ya magauni na sare imebaki mahali pake, na tena ni vyema mafundi walipwe wawafundishe vijana wetu misingi ya kazi.

Wa tatu atasema, na huyu ana haki ya kusikilizwa: mama wa nyumba hana wakati. Ni kweli. Mama anayeuza ndizi siku ya soko, ikiwa saa mbili za biashara yake zamletea fedha kuliko chupi atakayoshona kwa saa hizo, na auze ndizi zake na anunue chupi za pamba. Hatukuleta somo hili ili kumwongezea mama kazi juu ya kazi zake. Tumelileta ili watoto wa miaka kumi na zaidi, wa kiume na wa kike, wajifunze kujitengenezea, na baba naye akate vigezo jioni. Mwenye kuzoea hatumii saa nzima kwa chupi moja.

LA KUFANYA JUMA HILI

Twawaomba wazazi wafanye mambo matatu kabla ya juma kwisha. Mama, au shangazi au bibi mahali ambapo mama hayupo, akae faraghani na kila msichana wa nyumba amwulize ana chupi ngapi zinazovalika. Asingoje kuambiwa, kwani mtoto hatasema. Baba atoe fedha ya lastiki na uzi bila kuuliza maswali ya kumtahayarisha mtu. Kisha nyumba nzima ikusanye fulana zake kuukuu mahali pamoja, na chupi ya kwanza ikatwe iwe ya yule aliyeonekana ana upungufu kuliko wote.

Na atakayebakiwa na kitambaa asikitupe. Yatima wa mtaani naye ana kiuno, wala hatakuja kuomba kitu kama hiki. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuyaangalia yaliyofichika kama tunavyoyaangalia yanayoonekana. Amin.